Jalada lina mwenyewe: kutunza historia ya wanawake na wapenzi wa jinsia moja Mwanza

Tarehe 24 Agosti 1988, mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Mnunuzi, Gervazi Kaizilege, hakuwa mtu wa ukoo, na alitoa shilingi 300,000. Kesho yake tu mpwa wake Holaria, Bernardo Ephraim, alikuwa tayari Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, wilayani Muleba, akidai mauzo yale ni batili kwa kuwa sheria za mila za Wahaya, zilizochapwa na serikali mwaka 1963, hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ya Bukoba ikapindua. Rufaa ikaja Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba tangu Katiba ilipoingiziwa haki za msingi mwaka 1984, mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale aliyowekewa mwanamume wa ukoo huo.

Ephraim dhidi ya Pastory ni kesi inayosomwa na wanafunzi wa sheria mbali sana na ziwa hili. Ukitaka hoja za jaji, zimo zote. Ukitaka kumjua Holaria mwenyewe, utaambulia mistari miwili: anazeeka, hana wa kumtunza, akauza. Nani alimshauri, majirani walimtazamaje siku ile, alikaaje na ndugu zake baada ya kushinda, hayo hayakuwa kazi ya karani. Karani aliandika kilichohitajika kumaliza shauri.

Fundo la mada hii liko hapo. Kwenye semina huwa tunaambiwa kwamba historia ya wanawake wa Kanda ya Ziwa, na zaidi sana ya watu waliopenda wenzao wa jinsia moja, imepotea. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ipo, ila imekaa kwenye makaratasi ya watu wengine: mahakama, misheni, polisi, hospitali, miradi. Anayetaka kuitunza ana kazi mbili zinazovutana. Awape wahusika nafasi ya kuweka maneno yao kando ya majalada hayo, na ahakikishe maneno hayo hayawageukii. Watu wengi wakisikia habari za nyaraka huiwaza kazi ya kwanza tu.

Makaratasi yapo wapi

Nyaraka za serikali zina mwenye nazo kisheria. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 iliziweka chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na kwa kawaida jalada hufunguliwa kwa watafiti likifikisha miaka 30. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini serikali hutunza kilichopita mezani pake, kwa hiyo mwanamke huingia humo pale tu alipogusana nayo: alipokamatwa na gongo, alipodai talaka, alipouawa.

Hilo la mwisho kwa Usukumani ni zito. Vikongwe wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo mtu yeyote aliyepika miaka 50 kwenye moshi wa kuni na samadi atakuwa nayo. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliendesha operesheni kubwa dhidi ya mauaji hayo Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa kadhaa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Kujiuzulu kwa waziri kunajulikana nchi nzima. Bibi aliyekatwa mapanga usiku, ukimkuta popote, utamkuta kwenye jalada la mshtakiwa wake, na humo ameandikwa kama marehemu.

Misheni nazo ziliandika sana. Mapadri Weupe walifika kusini mwa ziwa mwaka 1878, wakawa na desturi ya kuandika shajara ya kila kituo, na nyaraka kuu za shirika lao ziko Roma. Bujora, pale Kisesa, Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma ambako ngoma za watemi na vifaa vya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimehifadhiwa kwa heshima. Ukizunguka humo utajifunza mengi kuhusu utawala na ngoma. Nani alibaki nyumbani akilima pamba wakati wachezaji wakishindana, hilo itabidi uulize.

Sauti za kina mama wa TANU

Mfano mzuri wa kuuliza tunao. Mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger aliwahoji kina mama waliokuwa wanaharakati wa TANU Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, na kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Kwa Mwanza kazi ile ilikuwa na uzito wa pekee. TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, na chama kisichoruhusiwa hakiweki mihtasari ya vikao hadharani. Kilichobaki ni kumbukumbu za vichwani. Simulizi zile zilitikisa picha iliyozoeleka ya wanaume wachache wenye elimu wanaoongoza umma usiojua kitu. Kina mama wengi walikuwa na elimu ndogo ya darasani au hawakuwa nayo kabisa, lakini walikuwa na mitandao ya biashara, ya vikundi vya ngoma na ya ujirani, ambayo chama kisingeweza kuijenga kwa mkutano mmoja wa hadhara.

Swali la mtunza nyaraka huanza pale kitabu kinapoisha. Mwandishi huchukua kurasa chache kutoka mazungumzo ya saa kadhaa, na hiyo ni haki yake, ndiyo kazi ya kuandika. Lakini kicheko, kusita, wimbo ulioimbwa katikati ya jibu, jina la rafiki yake aliyekuwa akificha kadi, vyote hubaki kwenye kanda. Mjukuu anayetaka kuisikia sauti ya bibi yake anahitaji kanda. Kwa hiyo yeyote anayerekodi simulizi Mwanza leo, awe mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Nyegezi au mwandishi wa redio, anapaswa kuamua kabla ya kubonyeza kitufe nakala kamili itakaa wapi mjini hapa, na nani atairudishia familia.

Mashirika ya wanawake yana tatizo lingine. UWT, umoja wa wanawake, ilianzishwa 1962 na ina masijala ya chama. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, ilitoa jarida la Sauti ya Siti, na jarida likichapwa nakala nyingi hujitunza lenyewe, hata la kufungia maandazi huponea mahali. Kivulini ilianza hapa Mwanza mwaka 1999 kupambana na ukatili majumbani. BAWATA, baraza lililotaka kuwaunganisha wanawake nje ya vyama vya siasa, lilifutiwa usajili mwaka 1997, na Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2009 kwamba kufutwa huko kulikuwa kinyume cha Katiba. Hesabu miaka hiyo 12, kisha jiulize makaratasi ya taasisi isiyo na ofisi hukaa wapi muda wote huo.

Hata shirika ambalo halijaguswa na mtu hupoteza historia yake kwa njia ya kawaida kabisa. Mradi unaisha. Ripoti ya Kiingereza inakwenda kwa mfadhili na huko inatunzwa vizuri. Daftari la Kiswahili la mahudhurio, barua za malalamiko zilizoandikwa kwa mkono, picha za mafunzo, zinaingia kwenye boksi la karatasi za fotokopi, na ofisi ikihama nyumba boksi linabaki stoo kwa mwenye nyumba. Kwa mtazamo wangu boksi lile lina thamani kuliko ripoti, kwa sababu mfadhili aliandikiwa alichotaka kusikia.

Kaunta buku la kikundi

Chukua kaunta buku la kikundi cha hisa cha wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jalada gumu, kona zimelainika, kurasa za mwanzo zina madoa ya mafuta. Kila ukurasa umechorwa kwa rula: jina, hisa, mfuko wa jamii, mkopo, marejesho, faini. Anayejua kusoma huona mambo mengi humo. Wiki ambazo hisa zimeshuka kwa wote pamoja zinaweza kuwa za mbalamwezi, kwa maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mfuko wa jamii unaonyesha nani alifiwa na nani alijifungua. Mkopo uliorudishwa na mwanachama mwingine unaonyesha urafiki. Kwenye faini utaona kikundi kiliona nini ni kosa. Jina likikatwa kwa kalamu nyekundu, kuna hadithi hapo, na mwenye hadithi pengine bado yuko hai, tena anauza hatua chache kutoka hapo.

Kulitunza hakuhitaji mashine. Adui wa kwanza ni mchwa, wa pili unyevu, wa tatu ni sisi wenyewe na nia njema. Pini na vibanio vya chuma hupata kutu na kula karatasi, viondolewe. Selotepu hugeuka kahawia na kuacha gundi isiyotoka, ukurasa uliochanika ni bora ukae kwenye bahasha. Halafu kuna kulaminisha, ugonjwa wa nchi nzima. Watu wanalaminisha vyeti, kadi za TANU, hata picha za harusi za miaka ya sitini, wakidhani wamezikinga. Moto wa mashine huiunganisha plastiki ile na karatasi moja kwa moja, na siku plastiki ikianza kuchuja hakuna namna ya kuitoa. Kadi ya zamani iwekwe kwenye bahasha ya karatasi safi, kisha kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Kanga na vitenge vya maadhimisho, ambavyo navyo ni nyaraka kwa kuwa vimebeba tarehe na kaulimbiu, visikunjwe kwenye mikunjo ileile kila mara. Vizungushiwe kwenye bomba lililofunikwa kitambaa.

Kaseti ndizo zinazotaka haraka kuliko vyote. Utepe wa kaseti unachakaa, na redio kaseti zenyewe zinazidi kuadimika kwa mafundi. Boksi la karatasi linaweza kungoja. Kaseti haingoji.

Wale ambao jina lao ni hatari

Ulimwenguni kuna nyumba za nyaraka zilizojengwa na wapenzi wa jinsia moja wenyewe. New York, mwaka 1974, kikundi cha wanawake kilianzisha Lesbian Herstory Archives, nyaraka zikakaa nyumbani kwa Joan Nestle kwa miaka mingi kabla ya kuhamia jengo lao Brooklyn mwaka 1993. Vitabu vyao hupangwa kwa jina la kwanza la mwandishi, kwa kukataa kuwapanga wanawake kwa majina ya baba na waume. Johannesburg kuna GALA, iliyoanzishwa 1997 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako zimo barua za Simon Nkoli, mpigania uhuru aliyeshtakiwa kwa uhaini kwenye kesi ya Delmas, alizomwandikia mpenzi wake akiwa gerezani. Barua zile zimefanya iwe vigumu kusema kwamba mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi na maisha ya watu hawa yalikuwa mambo mawili tofauti.

Somo la pili linatoka Berlin. Magnus Hirschfeld alifungua taasisi yake ya elimu ya jinsia mwaka 1919, ikawa na maktaba kubwa. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani. Wakati huohuo polisi wa Ujerumani walikuwa na orodha zao za majina walizozikusanya kwa miaka mingi, na utawala mpya ukazikuta tayari. Jambo la kuzingatia ni kwamba maktaba iliungua na orodha za polisi zikabaki.

Sisi tuko wapi? Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, kilikazwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na sasa adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Kwa hiyo Mwanza haiwezi kunakili mfano wa Brooklyn. Mtu anayefungua hapa mkusanyo wenye majina, picha na namba za simu za watu hawa, hata kwa moyo safi, anaandaa orodha.

Na historia yenyewe ya ziwa hili imejaa mitego. Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyetawazwa 1884, anatajwa kila anapotajwa ushoga katika Afrika Mashariki, kwa sababu wamisionari waliandika kwamba sehemu ya chanzo cha kuuawa kwa watumishi wa ikulu, wengi wao Namugongo mwaka 1886, ni kukataa kwao matakwa yake. Mwaka 1888 alipinduliwa, akavuka ziwa kuja Magu, kisha akapewa hifadhi na Mapadri Weupe Bukumbi, kusini mwa Mwanza ya leo. Shajara na barua zinazomweleza ziliandikwa na upande uliokuwa na mgogoro naye, kisha ukamhifadhi. Wanaomtumia kuthibitisha kwamba mapenzi ya jinsia moja yalikuwapo kabla ya wakoloni, na wanaomtumia kama kielelezo cha uovu, wote wanasoma makaratasi yaleyale ya wageni. Mtunza nyaraka hana haja ya kuchagua upande. Kazi yake ni kuandika kwenye orodha nani aliandika, lini, akiwa na masilahi gani.

Kwa Wakurya, upande wa Tarime, kuna ndoa ya nyumba ntobhu: mwanamke, mara nyingi aliyekosa mtoto wa kiume, hutoa mahari na kuoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Kuna wageni waliokimbilia kuiita ndoa ya jinsia moja. Wenyewe wanaieleza kwa ng'ombe, urithi na ulinzi wa mji. Mkusanyo mzuri utaiorodhesha kwa maelezo ya wenyewe kwanza, na kama mtafiti ana tafsiri yake, iwekwe kwenye safu nyingine yenye jina la mtafiti huyo. Hapo msomaji wa miaka 50 ijayo atajua nani alisema nini.

Chanzo kingine kikubwa ni hospitali na utafiti. Mwanza ni maarufu duniani kwa utafiti wa UKIMWI: jaribio lililoanza 1991 katika jamii 12 za mkoa huu lilionyesha mwaka 1995 kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kisesa, kule kwenye makumbusho ya Bujora, imefuatiliwa na watafiti tangu 1994. Wahudumu wa baa na mama lishe wa mkoa huu wamechangia sayansi ya dunia, na dunia inawafahamu kama asilimia. Mafaili hayo yana mambo ya faragha kuliko jalada lolote la mahakama, na yamefungwa kwa viapo vya utafiti. Yabaki yamefungwa. Waliojibu maswali yale walimjibu daktari, na hakuna aliyewaomba ruhusa ya kuwa historia. Mwanahistoria anayetaka habari zao awafuate walio hai, akaanze upya na maswali yake mwenyewe.

Kufunga nako ni kazi

Vikundi vya hisa vina sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa wanachama watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo mbele ya kikundi. Mkusanyo wenye habari nyeti unataka utaratibu wa namna hiyo. Aliyetoa simulizi awe na sauti, jamii yake iwe na sauti, na taasisi inayotunza iwe na sauti, asiwepo mmoja anayeweza kufungua peke yake kwa sababu ameombwa na mgeni mwenye barua ya chuo.

Kwa vitendo huanzia kwenye hati ya makabidhiano, karatasi moja tu ya Kiswahili chepesi inayosomwa kwa sauti kabla ya kutiwa saini au dole gumba. Ieleze nani anabaki na umiliki. Ieleze kama jina litatumika au litafichwa, na ifungwe kwa muda gani: mpaka afariki, au miaka 50, au mpaka sheria itakapobadilika. Ieleze pia kwamba anaweza kurudi mwaka kesho akasema amebadili mawazo, na kanda ikatolewa. Jedwali la kuunganisha majina halisi na majina ya bandia likae mbali na kanda, ikiwezekana mji mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa nyeti na kuweka masharti ya kuzichakata, kwa hiyo hata kikundi kidogo kinachohifadhi simulizi kwenye kompyuta kijue kwamba kimeshaingia kwenye wigo wake.

Kupandisha mtandaoni ndiko kunakoponza wengi. Wafadhili hupenda tovuti kwa sababu inaonekana. Lakini picha ya harusi ya mwaka 1974 yenye wasichana wawili walioshikana mikono haina madhara kwenye albamu ya familia. Ikiwekwa mtandaoni chini ya kichwa kisicho chao, ni jambo jingine, na hairudi. Kunakili kidijitali kwa ajili ya usalama ni sawa. Kuonyesha ni uamuzi wa pili, unaofanywa picha moja baada ya nyingine, na mara nyingi jibu litakuwa bado.

Kuna vitu vitakavyoonekana vya thamani kubwa na bado havitapaswa kuchukuliwa: simu ya marehemu, barua ambazo familia haijui kwamba zipo, shajara ya mtu aliyetoroka mji. Mtunza nyaraka anaruhusiwa kusema hapana, akamwonyesha mwenye nazo namna ya kuzihifadhi nyumbani kwenye bahasha safi na boksi lililoinuka kutoka sakafuni.

Swali gumu kuliko yote ni la kikundi kitakachokufa. Vikundi hufa, wenyeviti huhama, wafadhili huondoka. Hati ya makabidhiano iwe na kifungu kinachotaja, kwa jina la taasisi, nani atapokea boksi siku hiyo, na nani ana mamlaka ya kuamuru baadhi ya vitu vichomwe badala ya kupokewa.